Mashahidi Watatu wa Maji ya Chumvi

Mwalimu hakunywa chai kabla ya kuinusa, hata ile aliyoichemsha mwenyewe. Aliinua kikombe hadi chini ya pua, akakishikilia hapo kama mtu anayesikiliza, kisha akasema, "Bon, ni chai." Nilimjua kwa miaka mingi na sikumbuki siku ambayo kikombe kilikuwa na kitu kingine. Hilo halikumpunguzia mashaka. Alisema vikombe vyote vya jana havitoi habari yoyote juu ya kikombe cha leo.

Alikuwa amefundisha kemia katika sekondari moja ya Kisangani mpaka akastaafu. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Mimi ni fundi wa friji na pampu, na kemia niliyo nayo niliipata katika vitabu vya zamani vya Kifaransa, nikivisoma ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni. Tulijuana kwa sababu ya pampu. Kwa muda watu wa mtaa wetu wa Kabondo walikuwa wakiniambia kuna mzee anayefuga bahari ndani ya nyumba. Niliyachukua kama maneno ya watu mpaka siku aliponiita.

Ilikuwa kweli. Sebuleni, pale wengine wanapoweka televisheni, kulikuwa na tangi refu la kioo lililojaa maji ya chumvi. Ndani yake walikuwamo samaki wawili wenye mistari, na juu ya mawe yalikaa matumbawe: moja la kijani lenye vidole laini, moja la zambarau lililotandaa kama sahani, mengine madogo ambayo sikuyajua majina. Mji wetu uko katikati ya bara. Maji yetu ni mto, na chumvi tunaijua kwenye sufuria tu. Matumbawe yalitoka kwenye tangi la rafiki wa binti yake, huko Mombasa anakoishi binti huyo. Yalikuja kama vipande vidogo ndani ya mifuko ya plastiki, na chumvi ya unga ikaja kwa njia hiyo hiyo.

Nilimwuliza kwa nini anajitesa hivyo, wakati samaki wa mto wangemtosha.

"Miaka yote nilifundisha batoto juu ya bahari," alisema. "Nilichora kwa ubao, nikawaambia iko hivi, iko vile. Na mi sikuiona hata siku moja. Nilikuwa nazania tu. Sasa naiona."

Kuona na kudhani: hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Ukimwambia jambo lolote, bei ya mihogo, kifo cha mtu, mvua inayokuja, alikutazama juu ya miwani na kuuliza, "Umeona, ao umezania?" Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana mvi, hukutana mjini na kusalimiana kwa maneno hayo, kisha wanacheka. Kwake hayakuwa mzaha. Mtu akisita kujibu, Mwalimu alimwambia, "Anza tena," na mtu alianza tena.

Sokoni alikuwa mateso. Siku moja nilikuwa naye alipotaka samaki wa kukausha. Alimwuliza mama mwuzaji samaki wametoka wapi, akajibiwa Yanonge. Akazunguka meza nyingine, akarudi kwa mama yule yule.

"Samaki hii inatoka wapi?"

"Papa, si uliuliza sasa hivi?"

"Niliuliza mutu wa kwanza. Sasa nauliza wewe."

"Lakini mi njo ule wa kwanza!"

"Alors jibu halitabadilika. Inatoka wapi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, akamwita mwenzake aje amwone papa wa maswali. Mwalimu alisimama akingoja. Alipoambiwa Yanonge kwa mara ya pili, ndipo alipofungua mfuko wake.

Pamoja na hayo hakufunga mlango wake kwa ufunguo. Majirani waliingia kuchukua moto, kuacha mizigo, kulala mchana. Niliona huo ni ukinzani nikamwambia. Alikataa. "Mimi siogope batu, Mécanicien. Mutu akiniambia ameona, namwamini kama ameona. Naogopa macho yake." Niliyapenda maneno hayo, nikayaweka moyoni. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yaliniuma.

Lazima nieleze kipimo, kwa sababu kila kitu kilitegemea hicho. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu iliyoyeyuka ndani ya maji. Ikipungua, hayakui. Ikizidi mno, inashikana na vitu vingine vya maji, inaganda kuwa chokaa, na matumbawe yanabaki na njaa katikati ya wingi. Ni lazima kupima. Unaweka maji kidogo ya tangi kwenye kichupa, unatia dawa mbili, na maji yanageuka rangi ya waridi. Halafu unachukua bomba la sindano lenye dawa ya tatu, unadondosha tone moja, unatikisa, unatazama. Tone jingine, unatikisa, unatazama. Maji yanapoacha waridi kabisa na kuwa buluu safi, unasimama. Kadiri ulivyotumia dawa nyingi, ndivyo kalsiamu ilivyo nyingi. Kazi yote iko katika kujua pa kusimama.

Mwalimu hakukiamini kipimo hata kidogo. Kichupa alikisuuza kwa maji yale yale anayotaka kupima, si kwa maji mengine, kwa sababu tone la maji matamu lililobaki chini hupunguza jibu. Chupa za dawa alizitikisa kabla ya kuzifungua. Bomba alilisoma likiwa limesimama wima mbele ya jicho, si kutoka juu. Bomba lina nafasi ndogo ya hewa karibu na ncha. Mimi mwanzoni nilihangaika kuiondoa, naye akanionyesha kwamba haina neno, mradi usome kwenye ukingo wa kizibo kila mara, mwanzo na mwisho, bila kuhama.

Na hakupima peke yake. Alitaka mashahidi watatu. Wa kwanza yeye. Wa pili alikuwa Maman mshonaji, jirani aliyeweka cherehani yake uani kwa Mwalimu, mwanamke wa maneno mengi na mkono mtulivu. Wa tatu mimi. Sharti lilikuwa mashahidi wasikae pamoja na wasisikilizane. Mimi nilibeba chupa ya maji mpaka karakana yangu na kupima dirishani. Kila mmoja alimnong'oneza Mwalimu jibu lake sikioni, kama anayeungama. Majibu yakikaribiana, alisema "Bon." Yakiachana, "Anza tena."

Kwa muda mrefu yalikaribiana. Matumbawe yalikua. Lile la zambarau lilipanua ukingo wake mweupe, na Mwalimu aliuonyesha ukingo ule kwa wageni kama jino la kwanza la mjukuu.

Kisha akaanza kulishuku paa lake.

Maji ya kuchanganya chumvi yalikuwa ya mvua, na mvua ilipita kwenye mabati kabla ya kuingia pipani. Mwalimu alisema mabati yana zinki, na zinki ni sumu kwa matumbawe. Hakuwa amekosea. Alinunua turubai kubwa la buluu, bâche kama tunavyoliita sisi, akalitundika juu ya ua kwa nguzo nne, likielemea upande mmoja ili mvua iteremke moja kwa moja kwenye pipa la plastiki. Likafunika ua mzima. Maman alilifurahia kwa ajili ya kivuli, akasogeza cherehani yake katikati. Mwalimu naye akahamisha meza ya vipimo kutoka ukumbini, akaiweka hapo penye hewa.

Baada ya hapo matumbawe yakaacha kukua, na mashahidi wakaachana.

Mwalimu alipata kalsiamu ndogo. Maman alipata ndogo. Mimi nilipata ya kutosha. Mwalimu akaongeza kalsiamu ndani ya tangi, kipimo chake kikapanda kidogo kikakwama. Akaongeza tena. Mimi sasa nilipata nyingi kupita kiasi. Tulianza tena, mara nyingi. Wale wawili hawakuachana hata kidogo, nami sikuwakaribia.

Unga wa kalsiamu nilimletea mimi. Mitambo ya zamani ya kugandisha barafu hutumia maji yaliyotiwa chumvi ya kalsiamu ili yasigande yenyewe, na mimi nilikuwa na mfuko safi uliobaki kwenye kazi ya namna hiyo. Mwalimu alikuwa ameupima, akaunusa, akaukubali.

Siku pampu iliposimama, niliifungua mbele yake. Ndani, mhimili ulikuwa umevikwa ganda jeupe, gumu kama mfupa. Matumbawe mengi yalikuwa yamekwisha kupauka. Lile la kijani lilikuwa limekufa.

"Mwalimu, hii ni chokaa," nilisema. "Kalsiamu imezidi. Tuache kutia."

"Imezidi?" Aliketi. "Asubuhi nimepata mia tatu na makumi tano. Maman, we?"

"Mia tatu makumi sita," Maman alijibu kutoka kwenye cherehani, kisha akanigeukia mimi, mjomba wake wa mtaani. "Na mi rangi ni kazi yangu, tonton. Nashona mabubu, nguo ndefu ya harusi."

"Mimi nimepata zaidi ya mia tano," nikasema.

"Umeona, ao umezania?"

"Nimeona."

Alivua miwani. Kwa kawaida neno hilo lilimtosha.

"Tazama vizuri," alisema taratibu. "We njo unaleta unga. We njo unapima. Na we peke yako unasema kalsiamu iko mingi. Mi natia, natia, na haipande. Kama unga ile ilikuwa kalsiamu ya kweli, ingepanda. Donc mi nauliza: ni unga gani uliniletea? Ni chokaa ya ukuta?"

"Mwalimu, uliupima mwenyewe."

"Nilipima ile uliyonionyesha."

Nilikusanya vifaa vyangu. Hakunifukuza, alinitazama tu mikono, kama anayehakikisha sichukui kitu. Nilipofika langoni alisema, si kwa sauti kubwa, "Shahidi mwenye kuleta unga, si shahidi."

Hakuniita tena. Mtaa wetu hausubiri, na sijui habari ilitokea kwa kinywa cha nani. Mteja mmoja, mama mwenye friji ya vinywaji, alinisimamia nyuma nilipokuwa najaza gesi, akauliza, "Na hii gaz, tonton, ni gaz ya kweli? Si ile ya Mwalimu?" Mwingine alitaka nimfungulie chupa ainuse. Miaka yangu yote katika kazi hii nimeishi kwa kitu kimoja: fundi akisema friji imejaa, imejaa. Mtu haoni gesi. Anaona uso wa fundi. Sasa waliutazama uso wangu wakatafuta kitu.

Nami nikaanza kuwa kama yeye, bila uzuri wake. Nilidhani Maman anamnong'onezea Mwalimu lile analotaka kusikia. Nilidhani wamekubaliana. Nilibadilisha njia ili nipite mbele ya lango lao na kutazama ndani. Nilichoona ni mzee akitikisa kichupa chini ya turubai, na Maman akitoka nje ya lango na kipande cha kitambaa na vibiringo vya uzi, akiviinua juani, kimoja baada ya kingine. Mara kadhaa nilimwona hivyo. Nilifikiri anatoka ili aone nani anapita, na kwamba anayemtafuta ni mimi. Niligeuza baiskeli.

Upepo wa mwanzo wa mvua kubwa ndio uliokuja kulichana turubai. Uling'oa nguzo mbili na kulipasua katikati. Kipande kilikwama kwenye mchikichi wa jirani na kubaki kikipepea pale. Baada ya siku chache Maman akaja karakana.

"Tonton, Mwalimu anakuita. Anasema uje na kichupa yako."

"Anataka nini?"

"Aseme yeye. Mi niko mushonaji, hapana avocat wa kumusemea."

"Amepata unga mwingine wa kunishtaki?"

"Ah, kiburi hiyo iache hapa kwa mafriji, itapata baridi. Twende."

Nilikwenda, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuta meza ya vipimo haiko uani. Ilikuwa nje ya lango, ukingoni mwa barabara, chini ya anga jeupe, na watu wakipita na ndoo na baiskeli zao wakiitazama. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, amevaa koti. Hakunisalimu. Mbele yake kulikuwa na kichupa chenye maji ya waridi yaliyoanza kuelekea zambarau, kipimo kilichofika nusu ya njia. Mkononi alishika kipande cha turubai kilichochanika.

Alikiinua kipande juu ya kichupa, kikakiwekea kivuli.

"Rangi gani?"

Nilitazama. "Buluu."

"Umeona, ao umezania?"

"Nimeona. Buluu."

Akakiondoa. Mwanga ukaanguka kwenye kichupa, na maji yakawa waridi, bado mbali sana na mwisho wake.

"Na sasa?"

"Waridi," nilisema. Maman alipiga paji la uso wake kwa kiganja.

"Tangu juzi sijalala, tonton! Mi natoka inje kila siku juu ya uzi. Chini ya bâche uzi ya zambarau na ya buluu zinakuwa kitu moja, kila mushonaji anajua. Natoka inje na uzi, narudi, nashika maji ya Mwalimu, napima palepale! Uzi njo nilikuwa naheshimu, maji hapana."

"Wewe ulikuwa unafanya kazi yangu," Mwalimu alisema. "Ukafanya namna nilikuonyesha." Alilaza kipande cha turubai mezani na kukilainisha kwa vidole, kama kitambaa cha thamani. "Nilisema mashahidi basikae pamoja. Na mimi na ye tulikaa ndani ya kivuli moja. Hatukuwa mashahidi wawili, Mécanicien. Tulikuwa shahidi moja, amerudia neno lake."

Nilingoja aseme jambo jingine. Badala yake alivuta mbele yangu chupa ya maji mapya ya tangi, akapanga dawa kwa utaratibu, akaweka kichupa changu upande mmoja na chake upande mwingine, kama ilivyokuwa desturi: mimi nipime, kisha yeye apime nyuma yangu. Halafu akasimama.

"Pima," alisema. "Mi naenda kuchemsha chai."

Akaingia ndani. Maman akamfuata, akisema anaogopa kumwacha peke yake na jiko. Nilibaki peke yangu barabarani mbele ya lango lililo wazi. Nilisuuza kichupa kwa maji ya tangi. Nikatia dawa. Mtu wa baiskeli alisimama, mguu mmoja chini.

"Tonton, unauza dawa ya nini?"

"Siuzi. Ninapima maji ya Mwalimu."

"Si njo we alikufukuza?"

"Ni mimi."

Hakuondoka. Nikamwacha atazame. Tone, kutikisa, kutazama. Mara moja nililitazama pazia la sebule, nione kama nachunguliwa, kwa sababu mazoea mabaya hayaishi kwa siku moja, na pazia lilikuwa limetulia. Nyuma yake nilisikia vikombe na Maman akigombana na kuni. Maji yalikuwa waridi, yakawa zambarau, yakakaa zambarau kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, halafu kwa tone moja yakawa buluu. Nililiinua bomba wima, nikasoma kwenye ukingo wa kizibo.

Mwalimu alitoka na sinia. Aliiweka juu ya kipande cha turubai.

"Ngapi?"

Kwa mazoea nilimkaribia sikio ili nimnong'oneze. Akajivuta nyuma.

"Sema. Batu basikie."

"Mia tano na kumi."

"Mia tano na kumi," alirudia, akimtazama mtu wa baiskeli. "Mécanicien amepima. Kalsiamu imezidi. Unga yake ilikuwa ya kweli." Kisha akanigeukia. "Ile ya zambarau bado iko muzima upande moja. Tutabadilisha maji pole pole, bila kutia kitu. Unaonaje?"

"Naona inaweza kupona."

"Unazania."

"Nadhani, Mwalimu."

"Bon. Mi pia."

Alichukua kichupa chake, kile cha kupimia nyuma yangu, akakipangusa na kukipindua mezani, mdomo chini, bila kukitumia. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa jibu la mtu yeyote. Mtu wa baiskeli alingoja aone kama kuna zaidi, hakuona, akapanda akaenda zake.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyokaa pamoja mbele ya lango lile. Muda mfupi baadaye binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Mombasa, na sasa mzee anaiona bahari yenyewe. Siku ile alikunja miguu, akakichukua kikombe chake, akakinusa. Nilinyoosha mkono kuchukua changu, naye akanitangulia. Alikiinua hadi chini ya pua, akakishikilia hapo kwa muda, akisikiliza, kisha akanipa.

"Bon," alisema. "Ni chai."